Kipara Ambacho Si Mapunye

Vijana wa mashine, salaam. Juzi nilipita kwenye saluni moja hapa Namatala, Mbale, nikamkuta mwenzenu amembana mtoto kichwa kwa kiwiko, simu iko sikioni, mashine inanguruma, na mtoto amekaa kimya kabisa. Mama yake alikuwa mlangoni anajisifu, "Huyu wangu hana shida, hata kulia halii." Nilimtazama yule mtoto mabega, nikaona yamepanda mpaka yanakaribia masikio. Nilitaka kusema neno, nikajizuia, maana kinyozi mstaafu akianza kuingilia kazi za watu hachelewi kuonyeshwa mlango. Nimerudi nyumbani na jambo hilo kifuani, na halitaki kutoka. Ndiyo maana naandika.

Mniwie radhi mapema. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Nilizaliwa katika kambi ya askari, katika familia zetu za Wanubi ambazo babu zao walikuja na jeshi, na nikikumbuka vizuri sijawahi kusikia gari likisimama nje ya nyumba bila kushtuka. Nimenyoa watu Jinja, kule Mpumudde, kisha nikahamia huku Mbale kwa sababu ya mke wangu, na nikaacha kazi mikono ilipoanza kutetemeka. Mke wangu anasema mikono yangu ilitetemeka tangu siku ya kwanza, ila zamani nilikuwa na nguvu za kuificha.

Wateja wangu wengi walikuwa watoto. Mnajua shule zetu: zikifunguliwa mtoto hajanyoa ni kosa, mvulana kwa msichana. Juma la mwisho la likizo ndilo msimu wetu, benchi limejaa, kila mzazi ana haraka, na kila mtoto anasikiliza kelele ya mashine huku anahesabu nani yuko mbele yake. Hapo ndipo mtu wa kazi yetu anaona mambo ambayo hata mzazi hayaoni, kwa sababu mzazi anamtazama mtoto usoni, na sisi tumeshika kichwa chake.

Aliyenifundisha ni Mzee Juma wa Mpumudde, mwanajeshi mstaafu, msafi kupita kiasi, mkali kama spiriti kwenye kidonda. Dawa yake kwa mtoto anayeogopa ilikuwa moja: kumtisha zaidi. "Tulia! Nakata sikio, napatia mbwa!" Na mtoto alitulia kweli. Sisi wanafunzi wake tukaona hiyo ndiyo njia, tukawa tunashindana nani ana kitisho kizuri zaidi. Mmoja wetu alikuwa na sikio la plastiki alilolitundika ukutani. Tulicheka sana, naomba Mungu atusamehe.

Basi jino likamuuma Mzee Juma. Alivumilia kijeshi mpaka shavu likafura, mwisho tukampakia kwenye boda boda kwa nguvu, aende kwa daktari wa meno. Yule mtu, ambaye hatukuwahi kumwona akiogopa kitu, alikuwa ameshika shati la dereva kwa mikono miwili. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha wateja, pamba iko mdomoni. Halafu akasema, "Yule daktari naambia mimi kila kitu kabla hajafanya. Yeye nasema, mzee, sasa utasikia baridi. Nasikia baridi. Yeye nasema, sasa utasikia kama mutu nasukuma wewe. Nasikia nasukumwa. Basi mimi naamini yeye." Kesho yake sikio la plastiki likatoka ukutani, na hakuna aliyethubutu kuuliza limekwenda wapi.

Tangu hapo tukanyoa watoto kwa njia nyingine, na ndiyo njia ninayotaka muichukue. Mtoto akikaa, mashine ibaki imezimwa. Mpe aishike, aipime uzito. Kisha iwashe mbali naye, umguse nayo mkononi kwanza, upande usio na meno. Mwambie kitakachofuata kabla hakijafuata: sasa naanza nyuma, sasa nakuja pembeni, sasa utasikia mtetemo kwenye mfupa huu. Usimwambie "haiumi" kama meno ya mashine yako yamechakaa, kwa sababu ikivuta unywele mmoja tu umekwisha, hatakuamini tena wala hatamwamini kinyozi mwingine. Kubalianeni ishara, kwa mfano akiinua kidole unasimama. Na akiinua, simama kweli, hata kama benchi limejaa na mzazi anapiga miayo. Wengi huinua mara moja kujaribu kama wewe ni mwongo, wakiona umesimama hawainui tena.

Na nywele zinazoanguka kwenye shuka, usizipangushe wewe. Mwambie mtoto azipulize. "Puliza polepole, usizirushe usoni kwangu, zishuke taratibu." Mtoto aliyebana pumzi kifuani atalazimika kuzitoa, na akizitoa polepole mara chache mabega yanashuka yenyewe. Niliigundua hii kwa bahati tu, feni ilipokufa, nikajiona mgunduzi mkubwa mpaka muuguzi mmoja akanichekea na kuniambia wao hufundisha hivyo hivyo kwa mapovu ya sabuni.

Sasa nisikilizeni vizuri. Anayelia na kurusha miguu simwogopi sana, hofu yake iko nje, unaiona. Mimi namwogopa mtulivu mno. Namwogopa anayeuliza swali moja na ukimjibu anauliza tena lile lile, na tena, kama hajakusikia. Namwogopa anayeumwa tumbo kila shule zikikaribia kufunguliwa na tumbo likapona Jumamosi. Sisi huku kila kitu tunakiita malaria, mtoto anameza vidonge mwaka mzima, na malaria yenyewe haonekani nayo. Kuogopa kidogo ni kwa kila mtoto, hata kwa Mzee Juma, lakini hofu ikianza kumzuia mtoto kula, kulala, kucheza au kwenda shule, hiyo imeshakuwa mgeni asiyeondoka, na lazima itafutiwe mtu anayejua.

Niwaeleze habari ya Amoding. Ni ya miaka ya karibuni.

Mama yake alimleta saluni kwangu akiwa amefungwa kitambaa kichwani. Msichana wa darasa la nne, mwembamba, sare imepigwa pasi vizuri. Baba yake alikuwa askari magereza, Mteso, na familia ilikuwa imehamishwa kutoka Jinja muhula uliotangulia. Mama alifungua kitambaa haraka, kama mtu anayebandua plasta. Upande wa kushoto juu ya sikio palikuwa na kipara kikubwa.

"Mzee, hii mapunye imekataa dawa," akasema. "Mimi imepaka mafuta ya duka, imepaka kitunguu saumu, hapana. Mwalimu mukubwa anasema kama haiponi asirudi, ataambukiza wengine. Baba yake anasema likizo hii nampeleka kwa bibi yake Teso, akae huko. Nyoa yote, mzee. Nyoa mpaka ing'ae."

Niliposikia "akae huko", nilimwona mtoto kwenye kioo. Mkono wake wa kushoto ulitoka chini ya shuka, ukapanda, ukaanza kutafuta.

Vijana, jifunzeni tofauti. Mapunye hukaa duara, yana magamba, yanawasha, yanaacha unga kwenye kichana. Kipara cha Amoding hakikuwa na unga. Kingo zake zilikwenda ovyo, na ndani yake mlikuwa na visiki vya urefu tofauti, vingine vimeota jana, vingine juma lililopita. Kilikuwa upande wa kushoto, na yeye aliandika kwa mkono wa kulia. Mkono uliokosa kazi darasani ndio uliokuwa unang'oa.

Nilimwambia mama kwa sauti ndogo. Alikasirika, si kwangu, kwa mtoto. "Wewe ndiye unajing'oa? Sasa mimi nasema nini kwa watu? Jirani nasema tumerogwa, kumbe wewe!" Akamvuta kidole. Mtoto akafumba macho akasubiri, nami nikajiingiza katikati na mashine yangu nikijifanya natafuta waya.

Mzee Juma alikuwa na sheria yake: kisichoshikika hakivutiki. Niliifuata. Nilimnyoa Amoding mpaka kichwa kikang'aa, nikamwahidi mama kwamba tatizo limekwisha, nikakataa hata soda. Walirudi kabla sijamaliza kujipongeza. Mtoto hakuwa na nyusi. Alipokosa nywele za kushika kichwani alikuwa amezigeukia nyusi, na kwenye jicho moja ameanza kope.

Nawaambieni, niliogopa kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Niliona wazi kwamba nikiendelea kujifanya najua, huyu mtoto ataishiwa na vitu vya kung'oa, na kabla ya hapo atapakiwa kwenye gari la Teso. Nilifunga saluni mchana, jambo ambalo hata kwa msiba sikulifanya, nikawapeleka kwa Sista Nambozo kwenye kituo cha afya. Huyu ni muuguzi wa mambo ya akili. Mama aliposikia neno "akili" alisimama njiani. "Mzee, mutoto yangu si kichaa." Nikamwambia si kichaa, hata mimi nisiyeweza kulala bila kukagua mlango mara kadhaa si kichaa, twende.

Sista Nambozo hakuuliza kwa nini. Mimi ningeuliza kwa nini, nyinyi mngeuliza, na mtoto angejibu "sijui", na angekuwa mkweli. Yeye alimpa kipande cha karatasi akikunje anavyotaka, akauliza, "Mkono unaanza saa gani? Asubuhi, ama baada ya chakula?"

Amoding alifikiri. "Kama kengele ya kwenda nyumbani inakaribia."

"Na wakati huo unaona nini kwa kichwa yako?"

"Naona mulango."

"Mlango gani, bambi, mwanangu?"

"Wa nyumba yetu. Iko na pazia ya watu wengine."

Mama aliketi chini hapo hapo. Mtoto akaeleza, macho yako kwenye karatasi. Kule Jinja alitoka shule siku moja akakuta kwenye mlango wao pazia asilolijua. Ndani mlikuwa na mwanamke mgeni anapanga sufuria. Akamwambia, "Wenu wamehama." Amoding alisimama uani na begi mgongoni, watoto wa jirani hawakuwepo, hakujua pa kwenda.

"Lakini mimi nilikuwa nyuma ya stoo!" mama akalia. "Tunapakia lori! Nilikuwa nasubiri wewe! Si nilikuja kukuchukua?"

"Ulikuja," Amoding akasema. "Lakini mimi sikuwa najua kama utakuja."

Kwa wasiokua kambini nieleze. Uhamisho kwetu hausemwi. Amri inaweza kufutwa kesho, mwenye wivu anaweza kuiharibu, na mtoto ana mdomo. Kwa hiyo mzazi huficha mpaka lori lifike, na likifika hakuna muda, kwa sababu anayepewa nyumba yako yuko nje na godoro lake. Watoto wa kambi wote tumehamishwa hivyo. Hakuna mzazi anayeona kuwa ametenda ubaya. Mama Amoding naye alidhani amemwepusha mwanawe na usumbufu, na kila siku tangu hapo mwanawe alikuwa anatoka darasani bila kujua kama atakuta nyumba yao au ya watu.

Sista hakutoa vidonge. Alisema mtoto asipigwe vidole, asifungwe soksi mikononi, asiambiwe "acha" kila dakika, kwa sababu mara nyingi hata hajui kwamba mkono umepanda. Mkono upewe kazi, kamba fupi ya kusokota mfukoni. Kila asubuhi mama amwambie atamkuta wapi akirudi, jikoni au kisimani, na awepo pale aliposema. Akitaka kwenda kwingine atume neno shuleni. Na jambo moja alilirudia: "Usimwahidi kwamba hamtahama. Mtahama. Ahadi ya uongo itamrudisha nyuma kabisa." Akaandika barua kwa mwalimu mkuu kwamba ugonjwa huu hauambukizi, na mwalimu mkuu, muungwana, akamruhusu avae kofia.

Nusu ya mzigo ikawa imeshuka. Iliyobaki ilikuwa baba.

Alikuja mwenyewe kunyolewa ndevu, mtu mkubwa, amechoka na zamu. Nilimlaza kitini, nikampaka povu, nikachukua wembe. Nilingoja mpaka wembe uko shingoni, kwa sababu hapo mteja hukusikiliza bila kukukatiza.

"Afande," nikasema, "msichana ukimpeleka Teso umwache, utakuwa umemwonyesha kwamba anachokiogopa ni cha kweli."

Akangoja mpaka nikaondoa wembe. "Mzee, hiyo ni kudekeza. Mutoto naogopa nyumba? Mimi baba yangu alikuwa polisi. Mimi nilijua tunahama nikiwa juu ya lori. Na si nimekua?"

"Umekua, afande. Na siku ile umeisahau?"

Alitazama kioo. "Nilikuwa na mbwa," akasema. "Hakuna mutu aliniambia ilibaki. Mimi nilitafuta yeye ndani ya vitu mpaka tunafika." Akafuta povu lililobaki kwa kiganja, akavaa kofia, akaondoka bila kuahidi chochote. Mimi nilikaa nikijilaumu kwamba nimemgusa mtu pabaya, na kwamba sasa atampeleka mtoto hata kabla ya likizo.

Likizo ikaja. Amoding hakupelekwa. Nyusi zikaanza kurudi, kwanza kama vumbi. Kichwani hali ilipanda na kushuka, juma zuri, juma baya, na kila alipokuja kunyolewa nilikuwa natafuta visiki vipya kabla hata ya salamu. Sista aliniambia nisimkague mtoto kama mtu wa forodha. Nikajaribu.

Kisha siku moja mama akaja mbio, kanga imelegea. "Mzee, transifa imetoka! Tunaenda Soroti, Jumamosi. Na baba yake nasema tunyamaze, maana bado inaweza kubadilishwa. Mimi nafanya nini?" Niliketi. Nilimwona Amoding darasani, mkono unapanda, na safari hii lori limefika kweli. Nikamwambia mama ampigie mumewe ili mtoto aambiwe mapema, aseme mimi nimeomba, aseme Sista ameomba, aseme chochote. Alipoondoka sikuweza kunyoa sawasawa. Mteja mmoja alilalamika kwamba nimempitia sehemu moja mpaka amechoka.

Alhamisi, baada ya kengele ya shule, afande akasimama mlangoni kwangu akiwa na sare. Amoding aliingia mbele yake, akapanda kiti mwenyewe bila kuambiwa.

"Mzee, tunahama Jumamosi," akasema. "Tunaenda Soroti. Baba aliniambia jana. Anasema inaweza kubadilishwa, na kama inabadilishwa ataniambia tena. Nitakaa mbele na dereva. Nyumba ya huko iko na mulango ya buluu, baba ameuliza."

Nilitazama kichwa chake. Palikuwa na visiki vipya, si vingi, lakini vilikuwepo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni, unasokota. Nikamuuliza nani mwingine anajua.

"Mwalimu. Na jirani. Na wewe." Akanigeukia, si kwenye kioo, akanitazama mimi. "Nimekuambia mapema, ndiyo usinitafute."

Vijana, nimenyoa watoto wa kambi Jinja na Mbale maisha yangu yote, na wote waliondoka bila neno, siku moja kiti kinakuwa tupu, nami nikabaki kujiuliza wako wapi na kama ni wazima. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kinyozi naye hukaa akimtazamia mtu mlangoni. Nilishika mashine nikaanza kuipangusa, na haikuwa na uchafu wowote.

Afande alikohoa kule mlangoni.

"Mzee," akasema, "mutoto naaga wewe. Jibu yeye."

Nikamjibu.